Vijiji vya East Neuk na Majengo ya Kale ya Pwani ya Fife, Uskoti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

East Neuk iko sehemu gani ya Uskoti?

Ni kona ya mashariki ya Fife, rasi pana inayotokeza katika Bahari ya Kaskazini kati ya mlango wa Mto Forth upande wa kusini na mlango wa Mto Tay upande wa kaskazini. Jiji la Edinburgh liko ng'ambo ya Forth. Anga ikiwa safi, mtu aliyesimama kwenye gati la Pittenweem huiona pwani ya pili pamoja na mwamba wa Bass Rock, ambao wakati wa kiangazi huwa mweupe kwa wingi wa ndege wa baharini.

Vijiji vyenyewe ni vipi?

Ukitoka magharibi kwenda mashariki utakutana na Earlsferry na Elie, ambavyo leo vimeungana, kisha St Monans, Pittenweem, Anstruther pamoja na jirani yake Cellardyke, na mwisho Crail. Wengine huhesabu pia Lower Largo upande wa magharibi na Kingsbarns upande wa kaskazini. St Andrews ni mji mkubwa zaidi wenye historia yake, lakini wageni wengi huunganisha safari hizo mbili, kwa hiyo tumeujibia swali lake katika sehemu ya majengo.

Nikiwa na siku moja tu, niende wapi?

Crail ndicho kijiji kinachopigwa picha kuliko vyote, na sifa hiyo inakistahili. Hata hivyo, kwa maoni yetu, anayetaka kuelewa pwani hii na si kuitazama tu aanzie Anstruther kwenye Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti, yaliyofunguliwa mwaka 1969, kisha atembee kwa miguu kuelekea magharibi kupitia Pittenweem hadi St Monans. Katika mwendo huo mfupi atapita bandari inayofanya kazi hadi leo, pango lililokuwa mahali pa ibada, magofu ya viwanda vya chumvi, kinu cha upepo na kanisa lililojengwa ukingoni mwa bahari.

Imekuwaje vijiji vidogo hivi viwe na majengo ya kifahari na minara?

Kwa sababu zamani havikuhesabiwa kuwa vijiji. Vingi vilipewa na wafalme hati za kuwa miji yenye haki ya kufanya biashara na nchi za nje, na katika enzi ambayo barabara za bara zilikuwa mbovu, anayekaa baharini ndiye aliyekuwa karibu na dunia. Crail ilipata hati yake kwa Mfalme Robert the Bruce mwaka 1310, ikiwa na ruhusa ya kufanya soko siku ya Jumapili, jambo lililowakera sana wahubiri wa Matengenezo ya Kanisa miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Meli za hapa zilipeleka samaki wa chumvi, ngozi, sufu, makaa ya mawe na chumvi katika nchi za Uholanzi wa leo, Ubelgiji na Baltiki, zikarudi na mbao, vitambaa, divai na vigae. Inasimuliwa kwamba Mfalme James VI aliifananisha Fife na vazi la ombaomba lenye pindo la dhahabu. Pindo hilo ndilo miji hii ya pwani.

## Bandari, samaki na chumvi

Je, uvuvi bado upo?

Upo, ila umepungua mno. Pittenweem ndiyo bandari iliyobaki na shughuli za kweli: boti hurudi na kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, kaa na kambakoche. Kaa na kambakoche huvuliwa kwa madema, na madema hayo utayakuta yamepangwa kwa marundo kwenye gati, yakiwa na kamba za buluu na za rangi ya machungwa na bado yananuka chambo. Mgeni anakaribishwa kutazama, lakini inafaa akumbuke kwamba gati ni mahali pa kazi na asikanyage nyavu wala kuziba njia.

Heringi walikwenda wapi?

Kwa karne nyingi samaki aina ya heringi ndiye aliyewalisha watu hawa na kuwajengea nyumba. Alivuliwa usiku kwa jarife zilizoachwa zielee, kutoka kwenye mashua kubwa za tanga ambazo mojawapo, Reaper, iliyoundwa mwaka 1902, bado inatunzwa na makumbusho ya Anstruther. Uvuvi ulipokua na injini kuongezwa nguvu, samaki walivuliwa kuliko walivyoweza kuzaana; msimu wa heringi wa majira ya baridi katika mlango wa Forth ulidhoofika kati ya vita viwili vya dunia, na baada ya vita vya pili ukafa kabisa.

Sehemu ya habari hii inayosahaulika ni kazi ya wanawake. Maelfu ya wasichana na wanawake wa pwani ya Uskoti waliwafuata wavuvi kutoka visiwa vya Shetland kaskazini hadi Great Yarmouth kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, wakihama bandari hadi bandari kadiri heringi walivyohama. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga samaki kwenye pipa kwa tabaka za chumvi. Mpasuaji hodari aliweza kumaliza samaki 60 kwa dakika, vidole vyake vikiwa vimefungwa vitambaa, kwa sababu kidonda kidogo cha kisu kikiingia chumvi hakiponi msimu mzima. Utajiri wa bandari hizi ulipitia mikononi mwao, na anayetembelea makumbusho asiharakishe chumba kinachowahusu.

Ni kweli kwamba wavuvi waliogopa kumtaja nguruwe?

Ni kweli, na pwani nzima ya mashariki ya Uskoti ilikuwa na miiko ya aina hii. Nguruwe, samaki aina ya samoni na mchungaji wa kanisa hawakutajwa kwa majina yao melini. Walipewa majina ya kuzunguka. Aliyeteleza ulimi alitakiwa kugusa chuma mara moja. St Monans ilijulikana zaidi kwa mwiko wa nguruwe. Watu ambao kila safari waliweza kutorudi walishika miiko hiyo kwa moyo wote, na si haki kuisimulia kama kichekesho.

Kinu cha upepo cha St Monans kilisaga nini?

Hakikusaga kitu. Kazi yake ilikuwa kuvuta maji ya bahari. Kuanzia miaka ya 1770 palikuwa na kiwanda cha chumvi chini ya kilima kinaposimama kinu, na kinu kilipandisha maji kutoka kwenye mabwawa yaliyochimbwa mwambani hadi kwenye nyumba 9 za kuchemshia. Ndani ya kila nyumba palikuwa na sinia pana la chuma juu ya moto wa makaa ya mawe yaliyochimbwa karibu. Katika pwani za Afrika Mashariki jua hukausha maji ya chumvi bila gharama. Hapa jua halitoshi, kwa hiyo kila kilo ya chumvi ililipiwa kwa makaa. Maji ya bahari yana chumvi ya takribani asilimia 3.5, maana yake tani moja ya chumvi ilihitaji kuchemsha karibu tani 30 za maji. Damu ya ng'ombe ilitiwa ndani ili igande na kuinua uchafu kama povu, kisha povu likaenguliwa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo mabaki haya yanapaswa kutukumbusha. Kwa sheria ya mwaka 1606, wachemsha chumvi na wachimba makaa wa Uskoti walifungwa kwa mabwana zao: hawakuweza kuacha kazi bila ruhusa, na aliyetoroka alirudishwa kama mwizi, kwa hoja kwamba ameiba nafsi yake. Kifungo hicho kilianza kulegezwa na sheria ya mwaka 1775 na kikafutwa kabisa mwaka 1799. Kodi ya chumvi ilipoondolewa katika miaka ya 1820 na chumvi ya bei rahisi ikaingia, viwanda vya pwani vilifungwa kimoja baada ya kingine. Kinu kimekarabatiwa; nyumba za kuchemshia zimebaki kuwa matuta yenye nyasi, isipokuwa sehemu iliyofukuliwa.

## Majengo na kumbukumbu

Kwa nini nyumba zina vigae vyekundu, kuta zenye ngazi na ngazi za nje?

Vigae vyekundu vilivyopinda vilikuja kwanza kutoka nchi za Uholanzi na Ubelgiji wa leo, mara nyingi vikiwa farumi katika meli zilizorudi bila shehena nzito, kabla ya kufyatuliwa hapa hapa. Kingo za kuta za pembeni zilizokatwa kama vipandio zilirahisisha ujenzi kwa mawe madogo na kulinda mwisho wa paa dhidi ya upepo. Ngazi za nje zilipeleka watu moja kwa moja ghorofani, kwa kuwa chumba cha chini kilikuwa ghala la nyavu, mapipa na matanga.

Zimesalimikaje hadi leo?

Kwa juhudi, wala si kwa bahati. Katikati ya karne ya 20 nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa na nyingine zilikuwa zikingoja kubomolewa. Mwaka 1960 Amana ya Taifa ya Uskoti, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ilianzisha mpango wa nyumba ndogo: hununua nyumba iliyochakaa, huikarabati, huiuza kwa masharti ya kutunza sura yake, kisha fedha zilizopatikana hununua nyumba nyingine. Matokeo yake yanaonekana Crail, St Monans na hasa eneo la The Gyles kule Pittenweem. Upande wa pili wa mafanikio hayo ni kwamba uzuri umepandisha bei, na nyumba nyingi, hasa Elie, sasa ni za mapumziko, huku vijana wa familia za wavuvi wakishindwa kununua katika kijiji chao wenyewe. Suala hili linawauma wenyeji, na wana haki.

Kanisa la St Monans lina umri gani?

Lilijengwa kwa amri ya Mfalme David II katika miaka ya 1360. Mapokeo yanasema alikuwa akitoa shukrani kwa kuponywa au kuokolewa baharini. Liko karibu sana na maji, na katika dhoruba rasharasha za mawimbi huruka hadi kwenye ukuta wa makaburi. Ndani yake imening'inizwa meli ndogo ya mfano, desturi ya makanisa ya mabaharia.

Nione nini Crail mbali na bandari?

Tazama mnara wa nyumba ya halmashauri ya zamani, wenye kengele ya Kiholanzi ya mwaka 1520 na, juu yake, samaki wa dhahabu anayeonyesha mwelekeo wa upepo. Karibu na lango la kanisa kuna jiwe kubwa la buluu ambalo, kwa mujibu wa hadithi, Ibilisi alilirusha kutoka Kisiwa cha May, kilicho baharini mbele ya pwani hii, akilenga kanisa, akakosa. John Knox, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa Uskoti, alihubiri kanisani humo mwaka 1559, kabla ya umati kuelekea St Andrews (tazama swali linalofuata kuhusu mji huo).

Je, St Andrews inafaa kuunganishwa na safari hii?

Inafaa, kwa sababu huwezi kuielewa pwani bila mji uliokuwa makao makuu ya kanisa la nchi nzima. Kanisa kuu lake, lililoanzwa karne ya 12 na kuwekwa wakfu mwaka 1318 mbele ya Robert the Bruce, lilikuwa jengo kubwa kuliko yote Uskoti, lenye urefu wa takribani mita 119. Mwaka 1559 sanamu na mapambo yake yaliharibiwa na wafuasi wa Matengenezo, na baadaye wakazi wakachukua mawe yake kujengea nyumba. Ngome iliyo jirani ndiko Kardinali David Beaton alikouawa mwaka 1546, miezi michache baada ya kumchoma moto mhubiri George Wishart. Handaki lililochimbwa na jeshi lililoizingira ngome baada ya mauaji hayo, pamoja na lile lililochimbwa na waliomo ndani kukutana nalo, bado yanapitika kwa kuinama. Chuo kikuu, kilichothibitishwa na Papa mwaka 1413, ndicho kikongwe kuliko vyote Uskoti.

Mnara ulio peke yake pwani ya Elie ni wa nini?

Ni Lady's Tower, uliojengwa karibu na mwaka 1770 kwa ajili ya Lady Janet Anstruther, aliyependa kuoga baharini. Inasimuliwa kwamba mpiga kengele alitumwa kuzunguka kijijini kuwaonya watu wasikaribie wakati bibi huyo anaoga.

## Watu na matukio

Ni kweli kwamba Wahispania wa Armada walifika Anstruther?

Ni kweli, na habari hiyo imeandikwa na shahidi aliyekuwapo, mchungaji James Melville. Mwaka 1588, baada ya jeshi la majini la Hispania kushindwa na kutawanywa na dhoruba, meli El Gran Grifón ilivunjika kwenye Kisiwa cha Fair, mbali kaskazini. Wiki kadhaa baadaye kamanda wake, Juan Gómez de Medina, aliingia bandari ya Anstruther na watu wake zaidi ya 200, wakiwa wamedhoofika kwa njaa. Walikuwa Wakatoliki waliotumwa kupigana na Waprotestanti, na mji ulikuwa wa Waprotestanti motomoto. Melville alimweleza kamanda waziwazi tofauti zao za imani, kisha wakubwa wakapokelewa majumbani na askari wakapewa uji, sukuma wiki na samaki. Melville anaongeza kwamba baadaye, meli ya Anstruther iliposhikwa Calais, Gómez de Medina mwenyewe aliwatetea mabaharia wa meli hiyo na kuulizia hali ya wenyeji wake wa zamani. Nyumba ya Melville ya mwaka 1590 bado imesimama Anstruther.

Kilitokea nini Pittenweem mwaka 1705?

Mwaka 1704 Patrick Morton, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akijifunza uhunzi, aliugua baada ya kukataa kumtengenezea misumari mwanamke aliyeitwa Beatrix Layng, akadai amerogwa. Layng na wengine walikamatwa, wakanyimwa usingizi na kuteswa ili wakiri. Mshtakiwa mmoja, Thomas Brown, alikufa kwa njaa kifungoni. Hata baada ya viongozi wa Edinburgh kutilia shaka ushahidi, chuki haikupoa.

Janet Cornfoot, mmoja wa washtakiwa hao, alitoroka, akarudishwa, na usiku wa tarehe 30 Januari 1705 umati ulimkamata, ukamburuta hadi pwani, ukamning'iniza kwenye kamba kati ya meli na nchi kavu na kumrushia mawe, kisha ukamlaza chini ya mlango na kupakia mawe juu yake hadi akafa. Hakuna aliyeadhibiwa. Sheria ya uchawi ya Uskoti, iliyowatia mashtakani takribani watu 4,000 na wengi wao wanawake, ilifutwa mwaka 1736. Waziri Kiongozi wa Uskoti aliomba radhi rasmi tarehe 8 Machi 2022. Tunalieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu mgeni hupita kwenye gati hilo hilo akiwa na aiskrimu mkononi, na Janet Cornfoot anastahili kujulikana kwa jina.

Robinson Crusoe alitoka hapa?

Crusoe ni mtu wa kubuni, lakini Alexander Selkirk, aliyezaliwa Lower Largo mwaka 1676, aliishi peke yake kwenye kisiwa cha Bahari ya Pasifiki tangu mwaka 1704 hadi 1709, na kisa chake kinatajwa kuwa kimojawapo cha vyanzo vya riwaya ya Daniel Defoe. Sanamu yake iko mahali ilipokuwa nyumba ya kwao.

Je, pwani hii ina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kupitia watu. Thomas Chalmers, aliyezaliwa Anstruther mwaka 1780, aliongoza mgawanyiko wa mwaka 1843 uliozaa Kanisa Huru la Uskoti, na kanisa hilo ndilo lililotuma misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875. Ng'ambo ya Mto Tay, nje ya Fife, kuna kijiji cha Barry alikozaliwa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar ambaye mwaka 1873 alisaini na Sultani Barghash mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

## Kisiwa cha May

Kisiwani kuna nini?

Kuna magofu ya nyumba ya watawa, minara ya taa na maelfu kwa maelfu ya ndege. Mapokeo yanasema Mtakatifu Adrian aliuawa hapa na Waviking mwaka 875, na kwa karne nyingi mahujaji walivuka kuja kusali. Mnara wa kwanza, wa mwaka 1636, uliwaka kwa makaa ya mawe juu ya paa, na ulikuwa taa ya kwanza ya kudumu ya mabaharia katika Uskoti. Mwaka 1791 mlinzi wake, mkewe na watoto wao 5 walikufa kwa moshi wa majivu yaliyorundikana chini ya mnara. Mtoto mchanga peke yake alikutwa hai. Mnara wa sasa, mfano wa ngome ndogo, ulijengwa na Robert Stevenson na kuwashwa mwaka 1816.

Niende mwezi gani nimwone ndege wa baharini aitwaye pafini?

Boti hutoka Anstruther kati ya Aprili na Septemba, hali ya bahari ikiruhusu. Pafini huwasili Aprili na huondoka mapema Agosti, kwa hiyo anayekwenda mwisho wa Agosti atakuta mashimo matupu. Sili wa kijivu huzaa vuli, wakati ambapo kisiwa kimefungwa kwa wageni.

## Safari, na maswali ya pembeni

Nifikeje bila gari?

Reli ya vijiji ilifungwa katika miaka ya 1960. Treni hufika Leuchars, karibu na St Andrews, na tangu mwaka 2024 hufika tena Leven. Kutoka huko mabasi hupita vijiji vyote. Kwa miguu, Njia ya Pwani ya Fife yenye kilomita 188 huunganisha bandari zote, na kipande cha Crail hadi Elie ni mwendo wa siku moja.

Hali ya hewa na mwanga vikoje?

Hata Julai nyuzijoto 18 au 19 huhesabiwa kuwa siku njema. Masika na mwanzo wa kiangazi ukungu mzito hutoka baharini na kumeza kijiji huku bara kukiwa na jua. Mwezi Juni jua hutua karibu saa nne usiku. Desemba hutua kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo panga matembezi ya majira ya baridi yaanze asubuhi.

Njia ya minyororo ya Elie ni salama?

Ni salama kwa aliyejiandaa tu. Minyororo ya chuma imefungwa kwenye miamba ya Kincraig, magharibi ya Earlsferry, na mtu hujivuta juu ya majabali ambayo maji yakijaa hufunikwa. Soma jedwali la maji, anza maji yanapokupwa, na usijaribu siku ya bamvua yenye mawimbi. Watoto wadogo na watu wenye hofu ya kimo wapite juu, kwenye njia ya kawaida.

Je, naweza kuokota vito vyekundu vya Elie?

Punje ndogo za ganeti hupatikana kwenye changarawe ya Ruby Bay, chini ya Lady's Tower, hasa maji yakiwa yamekupwa baada ya dhoruba. Zitafute zilizokwisha kutenganishwa na bahari. Usivunje miamba, kwa kuwa ufuko huu ni sehemu ya hifadhi ya mlango wa Forth.